Wretched ni Nani?

Ukihudhuria mazishi Kenya, iwe Lang'ata ama ushago, kuna wimbo mmoja ambao ni vigumu kuukwepa: Amazing Grace. Unaimbwa kwa Kiingereza, unaimbwa kwa lugha za nyumbani, na hata wasiokanyaga kanisani wanaujua. Katika ubeti wake wa kwanza kuna neno wretch. Tumeliimba tangu tukiwa wadogo na wengi wetu hatujawahi kuliuliza limetoka wapi. Tunajua tu kwamba si sifa nzuri. Ni mtu hohehahe, mtu wa kuhurumiwa, na pengine pia mtu mbaya kidogo. Yote kwa mpigo.

Kivumishi chake ni wretched. Hicho nacho tunakijua kutoka shule. Mwalimu wa Kiingereza akitaka insha yenye uzito, mtoto anaandika wretched life, wretched conditions, na alama zinaongezeka. Na ni kati ya vivumishi vinavyopenda sana kukaa karibu na jina Kibera. Soma ripoti za wageni za miaka yoyote unayotaka, utakikuta hapo, kimekaa kama mwenyeji.

Sasa, mimi nilikuwa nafikiri ni neno la umaskini tu. Sivyo. Ukilifuata nyuma, mwanzoni halikuhusu pesa, njaa wala matope. Lilihusu mtu aliyefukuzwa kwao. Na ukishajua hilo, ukirudi kulitazama likiwa limewekwa juu ya Makina, unaona kwamba aliyeliweka hapo alisema ukweli mkubwa kuliko alivyokusudia.

Tuanze Uingereza, lakini ile ya zamani, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kiingereza cha wakati huo kilikuwa na neno wrecca. Maana yake ni mtu aliyefukuzwa, mtu wa uhamishoni, mgeni asiye na pa kurudi. Lilitokana na kitenzi wrecan: kufukuza, kusukuma nje, kuadhibu, kulipiza kisasi. Kitenzi hicho bado kinapumua kwa shida katika Kiingereza cha leo, kwenye msemo wreak havoc, na karibu si mahali pengine.

Kwa nini mtu aliyefukuzwa awe ndiye mfano wa dhiki? Kwa sababu katika jamii ile ulinzi wako haukuwa polisi wala katiba. Ulikuwa ukoo wako na bwana wako. Mtu akikuua, ndugu zako ndio wangedai fidia ama damu. Ukiwa umefukuzwa, huna wa kukudai. Yeyote anaweza kukufanya chochote na hakuna simu itakayopigwa. Njaa ilifuata baadaye, na baridi, na nguo zilizochakaa. Hayo yalikuwa matokeo. Chanzo kilikuwa kukosa watu.

Lakini wrecca halikuwa tusi. Mtu wa namna hiyo angeweza kuwa shujaa anayezunguka nchi za watu akitafuta jina. Katika Beowulf, utenzi maarufu kuliko zote za Kiingereza cha kale, Sigemund muuaji wa joka anahesabiwa kuwa wrecca mwenye sifa kubwa kuliko wote. Yaani neno hilohilo lilibeba mtu aliyetupwa na mtu wa kuogopwa. Ni mtaa wenyewe huo: msee mmoja, mama yake anamlilia, na vijana wa mtaa wa pili wanamkimbia.

Halafu karne zikapita na neno likagawanyika, na hapa ndipo raha ilipo. Wajerumani walikuwa na neno ndugu yake, kutoka mzizi uleule, lenye maana ileile ya aliyefukuzwa. Kwao likapanda juu. Leo Recke kwa Kijerumani ni shujaa, pandikizi la mtu, mpiganaji wa hadithi za kale. Kwa Waingereza likashuka. Likawa wrecche, kisha wretch: kwanza mwenye dhiki, halafu, polepole, mtu duni, mtu hafifu, mtu mwovu. Mwanzoni mwa karne ya 13 kivumishi wretched tayari kilikuwa kinatumika, na kadiri muda ulivyosonga kikazidi kusahau kwamba kuna mtu alifanya kitendo. Sasa hivi Mwingereza akipoteza ufunguo anaweza kuuita wretched key. Ufunguo haujafukuzwa na mtu.

Ona safari yenyewe ilivyokwenda. Mtu anafukuzwa. Anateseka kwa sababu amefukuzwa. Watu wanazoea kumwona akiteseka, wanasahau kwamba alifukuzwa, na kuteseka kunakuwa ndiyo tabia yake. Mwishowe kunakuwa kosa lake. Sisi nasi tuna methali yenye mwelekeo huo: maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba.

John Newton, aliyeandika Amazing Grace mwishoni mwa 1772, alijiita wretch kwa maana hiyo ya mwisho, ya mwenye dhambi. Lakini alikuwa amewahi kuwa wrecca wa maana ya kwanza pia. Mwaka 1745 aliachwa pwani ya Afrika Magharibi, kwenye eneo la Sierra Leone ya leo, kwa mfanyabiashara ya watumwa aliyemtesa na kumnyima chakula. Aliokolewa, kisha, badala ya kujifunza kitu, akawa nahodha wa meli za watumwa mwenyewe hadi 1754. Kupinga biashara hiyo hadharani kulikuja miaka mingi baadaye. Wimbo unamzungumzia wretch mmoja tu, naye ni nahodha. Wale aliowabeba, watu ambao kwa maana ya kamusi ya zamani ndio hasa waliosukumwa kutoka kwao, hawamo ndani yake. Baadhi ya vitabu vya nyimbo vya Marekani siku hizi vimebadilisha neno hilo kwa sababu waumini hawapendi kujiita hivyo. Sawa. Ila sababu nzuri zaidi ya kulihoji ingekuwa hiyo nyingine.

Basi turudi nyumbani. Panda nambari 8, shuka Makina. Ukiingia ndani kutoka barabarani kuna msikiti, kuna soko, mafundi wa cherehani wanaoshona sare za shule, mtumba, mama anauza mandazi, na vitambaa vya gurbaba, vazi la wanawake wa Kinubi. Makina ni moja ya vijiji vya zamani vya Kibera, na hao Wanubi ndio waliokuwa hapa kabla ya sisi wengine wote kufika kutafuta kazi.

Nao walifikaje? Kwa kusukumwa, mara kadhaa.

Karne ya 19 watawala wa Misri walijenga jeshi lao kwa kuchukua vijana kutoka kusini mwa Sudan na milima ya Nuba. Wengi walitekwa. Waliondolewa kwenye koo tofauti, lugha tofauti, wakaingizwa kambini, wakasilimu, na kati yao kukazaliwa lugha moja, Kinubi, mtoto wa Kiarabu aliyelelewa na lugha za kusini. Kabila hili halikushuka mlimani na babu mmoja kama tunavyopenda kusimuliana. Lilizaliwa kambini.

Jeshi la Mahdi lilipoiteka Khartoum mwaka 1885, askari wa jimbo la Equatoria walikatiwa njia. Gavana wao, Emin Pasha, ambaye kwa kuzaliwa alikuwa Mjerumani aitwaye Eduard Schnitzer, aliondoka na Stanley mwaka 1889 kuelekea Bagamoyo. Askari wengi waliachwa nyuma karibu na Ziwa Albert, wakiwa na wake, watoto na wafuasi, bila serikali, bila mshahara, bila nchi ya kurudi. Ukimwomba Mwingereza wa mwaka 900 awataje watu hao kwa neno moja, angesema wrecca na asingekuwa anatukana.

Mwaka 1891 Kapteni Lugard akawakuta. Alikuwa anatafuta jeshi kwa ajili ya kampuni ya Waingereza huko Uganda, na hapo palikuwa na askari waliozoea vita ambao hawakuwa na pengine pa kwenda. Hilo la pili lilikuwa faida kubwa kuliko la kwanza. Askari ambaye kwao ni mbali hatakataa kumpiga risasi jirani, kwa kuwa hana jirani. Wakoloni walilielewa jambo hilo vizuri sana. Mwaka 1897 sehemu yao waliasi, kwa sababu ya mshahara mdogo na wa kucheleweshwa na safari za kivita zisizoisha, na maasi yakazimwa kwa damu. Lakini Waingereza hawakuacha kuwatumia. Tarehe 1 Januari 1902, vikosi vya Uganda, Afrika Mashariki na Afrika ya Kati viliunganishwa kuwa King's African Rifles, ile KAR ambayo wazee wengine bado wanaiita Keya. Wanubi walikuwa uti wa mgongo wake katika miaka ile ya kwanza.

Kuna kichekesho kichungu hapa. Wajerumani nao walifanya vilevile. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alikwenda Misri, akaajiri mamia ya askari Wasudani, akawaleta pwani ya Tanganyika kumpiga Abushiri. Kwa hiyo Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika huku, pande zote mbili zilikuwa na majeshi yaliyoanzishwa kwa watu wa asili moja. Wa upande wa Wajerumani wangeweza, kwa kamusi ya bwana wao, kuitwa Recke. Wa upande wa Waingereza walikuwa na lile neno jingine.

KAR ilipoweka makao Nairobi, maveterani na familia zao walianza kukaa kwenye msitu uliokuwa kusini magharibi mwa mji, tangu karibu 1904. Waliuita Kibra, yaani msitu, pori. Eneo lilipimwa, na mwaka 1918 likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, ekari 4,197. Hiyo si Kibera ndogo unayoiona leo kutoka reli. Ndani yake, ama pembeni kabisa, ndimo zilimo leo Jamhuri, Ngei, Otiende na mitaa mingine ambayo watu wake hawapendi sana kukumbushwa kwamba wanaishi Kibera.

Askari mstaafu alipewa kikaratasi kilichoitwa shamba pass. Jina tamu. Lakini pass si hati ya umiliki. Ni ruhusa, na ruhusa hurudishwa. Mwaka 1928 eneo likatolewa mikononi mwa jeshi na kuwekwa chini ya utawala wa kiraia. Tume ya Ardhi ya Kenya, maarufu kama Tume ya Carter, ilipotoa ripoti yake mwaka 1934, iliwaona Wanubi kuwa wapangaji wanaokaa kwa hiari ya Mfalme. Ilikubali kwamba serikali ina deni la kiungwana kwao na kwamba wakihamishwa walipwe. Haki ya ardhi, hapana. Ardhi za Waafrika ziligawanywa kwa makabila, kila kabila na hifadhi yake, na hawa kabila lao lilitoka kambini. Afisa angeuliza: hifadhi yenu iko wapi? Jibu lilikuwa: hapa tunaposimama. Afisa angeandika kwamba hawana.

Huyu ni wrecca kwa mara ya pili, na safari hii hakuna aliyemhamisha. Amekaa palepale. Kilichofanyika ni kumwambia kwamba hapo alipo si kwao.

Tukifika hapo, Kiswahili kinasemaje? Maana tunapenda kufikiri kwamba maneno yetu ya umaskini ni ya moja kwa moja. Wretched, tafsiri: maskini. Twende.

Subiri kwanza. Maskini yenyewe ina umri kuliko Kiingereza chote. Tumelipata kutoka Kiarabu, miskin. Kiarabu kililipata kutoka Kiaramu, na Kiaramu kutoka Kiakadi, lugha ya Babeli. Katika sheria za mfalme Hammurabi, kama miaka 3,750 iliyopita, watu wametajwa kwa madaraja: awilum, yule mwenye hadhi kamili, mushkenum, mtu wa kawaida, aliye chini, na mtumwa. Ukimtoboa jicho awilum mwenzako, nawe unatobolewa jicho. Ukimtoboa jicho mushkenum, unalipa mina moja ya fedha, nusu kilo hivi, mambo yanaisha. Ndiye maskini wetu huyo. Mzizi wake ni kitenzi cha kusujudu, kuinama hadi chini mbele ya mkubwa. Kwa hiyo mwanzo wa maskini haukuwa mfuko mtupu. Ulikuwa daraja kwenye sheria: jicho lako lina bei.

Na neno hilo halikuja kwetu peke yetu. Lilipanda meli na Waarabu hadi Hispania na Sicily, likaingia lugha za huko. Leo mezquino kwa Kihispania na mesquin kwa Kifaransa ni mtu mchoyo, mwenye roho ndogo. Yaani yaleyale ya wretch: anayenyimwa amegeuka kuwa ndiye mnyimivu. Lugha zilizo mbalimbali kabisa zimefanya mchezo uleule, na sidhani ni bahati mbaya.

Fukara nalo ni la Kiarabu, tena ni wingi wa faqir, ila Kiswahili kililichukua kama umoja kisha kikaliwekea ma- yake, mafukara, bila kuomba ruhusa. Yeyote aliyesoma madrasa Makina anajua kwamba Kurani, katika Surat Tawba aya ya 60, inawataja mafukara na maskini kama makundi mawili ya kwanza yanayostahili zaka. Mawili, si moja. Wanazuoni wakabishana kwa karne nyingi: nani yuko hoi zaidi? Wafuasi wa Shafi, ambao ndio wengi pwani yetu, husema fukara, na hoja yao naipenda kwa jinsi ilivyo ya mtaani. Katika Surat Kahf kuna chombo kilichokuwa cha maskini waliofanya kazi baharini. Unaona? Walikuwa maskini, lakini chombo walikuwa nacho. Wahanafi wanapinga na kugeuza kinyume. Kwa msee wa boda ya mkopo pale stendi, huu si mjadala wa vitabuni.

Neno la Kiswahili lililo karibu kabisa na wrecca tunalo, na tumelitupa. Ni mkiwa. Vijana wa Nairobi hawalitumii, na wengi wakilisikia watadhani ni kitenzi. Mkiwa ni mtu aliyeachwa, asiye na ndugu wala jamaa, na kwa hiyo asiye na kitu. Hali yake ni ukiwa, neno lilelile tunalolitumia kwa nyumba iliyohamwa. Hapa lugha haijasahau mpangilio: kwanza unakosa watu, kisha unakosa vitu. Wajerumani, wale waliompandisha Recke, nao wana elend, kivumishi chao cha kawaida kabisa cha taabu, na asili yake ni kuwa katika nchi ya wengine. Waswahili na Wajerumani hawakukaa mkutano mmoja kukubaliana hili.

Mtaani maneno ni mengine, na yana tabia nyingine. Mtu amesota. Kuna msoto. Kusota ni hali inayopita, kama mvua. Ulisota Januari, utaomoka, nani ajuaye. Hakuna anayezaliwa amesota. Na kuna sufferer, lililotufikia na reggae kutoka Jamaika, ambako katika miaka ya 1970 watu wa mageto ya Kingston walilichukua neno la kuhurumiwa wakalivaa kama sare. Nairobi imelivaa pia. Ukimwita mtu wa Makina wretched ataudhika. Mwite sufferer, atakugongea tano. Maana ya kamusi inakaribiana mno, tofauti ni nani analitamka na anasimama wapi anapolitamka. Hustler nalo lilijaribu njia hiyo, hadi uchaguzi wa 2022 ukalifanya jina la serikali na kisha la mkopo wa simu, na sasa kulitumia bila kucheka ni kazi.

Yuko mtu mmoja aliyelifanya wretched lijulikane Afrika nzima, naye hakuliandika. Frantz Fanon alichapisha kitabu chake kwa Kifaransa mwaka 1961, muda mfupi kabla ya kufa: Les Damnés de la terre. Damnés ni waliolaaniwa, waliohukumiwa motoni. Jina alilitoa kwenye mstari wa kwanza wa Internationale, wimbo wa wafanyakazi. Tafsiri ya Kiingereza ya Constance Farrington ilitoka kwanza kama The Damned, halafu ikapewa jina lililodumu, The Wretched of the Earth, neno ambalo tayari lilikuwamo katika Internationale ya Wamarekani.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 kitabu kikatafsiriwa kwa Kiswahili mara mbili, karibu kwa wakati mmoja. Nairobi, Ahmed Yusuf Abeid alikiita Mafukara wa Ulimwengu. Dar es Salaam, Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga wakakiita Viumbe Waliolaaniwa.

Weka majina hayo mawili kando kwa kando. Mafukara ni watu wenye hali fulani. Sentensi imeisha, unaweza kuwahurumia na kuendelea na chai yako. Waliolaaniwa ina ile -w- ndogo ya kutendwa, na Kiswahili hakikuachi utulie na herufi hiyo. Ukisema mtu amepigwa, mtoto wa miaka mitatu atakuuliza: na nani? Mimi naona watu wa Dar walishinda hapo, ingawa viumbe inanikwaza kidogo, kama vile inazungumzia wadudu. Na jina la Nairobi lina sababu zake pia. Abeid alimpa msomaji neno la msikitini na sokoni, analolijua tayari. Lakini Kibera haikuwa na upungufu wa watu wa kuiita fukara. Swali la na nani ndilo lililokuwa haba.

Maana kitenzi kile cha kale, wrecan, hakijawahi kustaafu pale. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 ardhi ya Mfalme ikawa ardhi ya serikali, na mpangaji kwa hiari akabaki mpangaji kwa hiari. Ekari zikaendelea kukatwa kujengwa mitaa ya wenye mishahara. Wanubi walijenga vyumba vya kupangisha, kwa kuwa hicho ndicho kitu pekee unachoweza kufanya na ardhi usiyo na hati, na waliopanga walikuwa Wajaluo, Waluhya, Wakamba na wengine waliosukumwa na umaskini wa ushago. Hapo wrecca wawili wakakutana mlangoni, mmoja anadai kodi na mwingine hana. Mwisho wa 2001, baada ya wanasiasa kusema kodi zipunguzwe, mzozo huo uligeuka kuwa mapigano na watu wakafa. Neno wretched lingewafunika wote kwa blanketi moja na lisingekueleza chochote. Na Julai 2018 matinga yalibomoa nyumba, makanisa na shule kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Watu walibeba mabati kichwani wakatafuta pa kulala. Ukipita leo ni lami safi kabisa.

Kitu kingine walichosukumwa nje yake ni karatasi. Kijana wa Kinubi akifika miaka 18 na kuomba kitambulisho, hakupewa tu kama jirani yake. Alipelekwa mbele ya kamati ya kumchunguza, akaulizwa hati za wazazi, wakati mwingine za babu na bibi, na bila kitambulisho hakuna kazi rasmi, hakuna benki, hakuna hata kuingia ofisi nyingi za mjini. Kesi ya watoto wa Kinubi ilipelekwa mbele ya Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, na tarehe 22 Machi 2011 kamati ikaamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao. Ulikuwa uamuzi wa kwanza kabisa wa kamati hiyo kuhusu malalamiko yoyote, kutoka nchi yoyote. Watoto hao walikuwa kizazi cha nne hivi kuzaliwa hapa. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu nayo ikaamua upande wao, katika kesi ya jamii nzima, uraia na ardhi pamoja.

Juni 2017, rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta aliikabidhi jamii ya Wanubi hati ya umiliki wa pamoja. Zaidi ya karne moja baada ya shamba ya kwanza kulimwa, karatasi hatimaye ikasema ardhi ni yao. Ekari 288. Piga hesabu na zile 4,197 za mwaka 1918: hazifiki 7 kwa kila 100. Wazee wengine walishangilia, na wengine, sio Wanubi peke yao, wakaanza kuuliza mipaka inapita wapi na mpangaji wa miaka 40 atakuwa nani ndani yake. Maswali hayo bado yapo mtaani.

Katika sensa za awali Wanubi walihesabiwa ndani ya kapu la Wengineo. Mwaka 2009 kwa mara ya kwanza walipata jina lao kwenye orodha ya makabila. Na mwaka 2013, eneo bunge jipya lilipokatwa kutoka Lang'ata, lilisajiliwa kwa tahajia ya zamani. Wapiga kura wengi bado wanasema Kibera, makondakta ndio kabisa. Lakini kwenye karatasi ya kura imeandikwa Kibra, kama walivyouita msitu ule siku walipoambiwa wanaweza kukaa.